Kijito Kilichosuguliwa

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa vijito kumi na kimoja. Kazi: kupita kila kimoja na fomu, kuhesabu alama, kisha kuamua — kinatiririka mwaka mzima, msimu tu, au siku ya mvua tu. Chura alama moja. Utelezi wa kijani wa kwenye mawe, mbili. Konokono tatu. Samaki sita! Maji — sifuri. Nimemuuliza mkuu wangu wa kazi kwa nini. Kasema maji yanadanganya, leo yapo kwa sababu jana kulinyesha. Konokono hadanganyi. Haya.

Cha saba kwenye orodha kinapita nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Hapo ndipo amefua nguo za watu miaka ishirini na sita, na mke wangu akasoma kwa hizo nguo. Kikifikisha alama kumi na mbili ni cha kudumu, hakiguswi. Kikipungukiwa, kinafukiwa, barabara inapita juu. Sina wasiwasi. Hakijawahi kukauka hata siku moja. Konokono wake nawajua kwa sura.

Jumanne, 5 Machi

Kijito cha kwanza kikavu kabisa. Kidimbwi kimoja tu, hakijai sufuria, ndani yake kila aina ya kiumbe. Alama kumi na mbili! Nimekiandika cha kudumu, vumbi likiwa limeniingia mpaka puani.

Jioni mke wangu kampigia mama yake: mkweo anakuja Alhamisi kukagua kijito. Laiti ningemnyang'anya simu.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa!

Mama mkwe amekifanyia kijito usafi! Jana kutwa nzima. Mawe ameyasugua kwa brashi na sabuni ya unga, kisha kayapanga kwa ukubwa. Konokono kawaokota ndoo nzima, kawamwaga ng'ambo huko — wanatia aibu, anasema. Kanipokea amesimama kando, kifua mbele.

"Karibu baba! Hapo hata ulambe, uchafu huupati."

Maji yalinifika magotini, yanakwenda kwa kelele. Nimezunguka saa mbili. Alama: moja. Chura, tena alikuwa anahama.

Ikabidi nimwambie ukweli, kwamba uchafu ndio ushahidi. Akakaa juu ya jiwe lake la kufulia. Halafu akasema: "Nilikusafishia wewe. Angekuwa mgeni mwingine ningeacha."

Nilitaka kucheka, nikaona machozi yananijia. Nampenda yule mama. Na siwezi kuongeza alama, Jumamosi mkuu anakuja mwenyewe kuhakiki.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe kapiga simu mara tisa. Konokono wa bustanini wanakubaliwa? Utelezi unaota kwa siku ngapi? Samaki awe mkubwa kiasi gani?

Nikamwambia, mama, tafadhali usifanye kitu. Akasema hafanyi kitu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mke wangu anasema kijito kikifukiwa, atajua nani kashika koleo.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika haya nimeinama kwenye jiwe, najifanya najaza fomu. Mkuu yuko mbele yangu. Aliingia na mabuti yake, yakajaa maji mpaka juu, akatangaza: "Kijito hiki hakina dalili ya maji."

Tukahesabu. Chura karudi — moja. Utelezi upo kwenye jiwe moja, sijauliza umetoka wapi — mbili. Konokono wamefika, wamechoka — tatu. Jumla sita. Nikamwona mama mkwe anafumba macho.

Halafu mkuu akainua jiwe la mwisho, akatoa samaki. Mkubwa! Hana utumbo. Kachanjwa mistari mitatu kila ubavu.

"Huyo mwenyeji," mama mkwe akasema. "Nilimkuta nilipoolewa."

Mkuu hakumtazama samaki, alitazama fomu. Kaisoma mara mbili. Imeandikwa: samaki, yupo au hayupo. Hakuna mahali panapouliza kama ni mzima. Kanipa samaki nimshike. Kasema mkaguzi wa kwanza ni mimi, kwa hiyo nijaze mimi na niweke sahihi.

Sita na sita ni kumi na mbili. Maji yananipita magotini, alama sifuri. Mama mkwe ananong'ona: "Yupo, baba. Si umemshika?"

Nimeandika Y —

Mkuu anauliza mbona samaki ananukia ndimu.