Ndoo na Ndaa

Lamu

Mama yangu mpenzi,

Nashika miguu yako kutoka mbali, nikiwa kitandani, mjukuu wako Zuhura amelala ubavuni pangu. Je, goti lako limepoa? Na kaka bado anakohoa asubuhi? Sisi, alhamdulillahi, tu wazima. Neno hilo leo naliandika kwa kweli. Juma lililopita ningeliandika kwa mazoea tu, na ningekuwa nimekudanganya.

Barua hii isome peke yako. Usimpe kaka akusomee barazani.

Unakumbuka nilivyoondoka Unguja na majivuno yangu. Binti aliyesomeshwa na baba mpaka sarufi ya Kiarabu angeshindwaje na maneno ya watu wa Lamu? Sikukaa sana, mama mkwe akaniita kutoka uani mbele ya wageni: "Ndoo, mwanangu! Ndoo!" Nikamchukulia ndoo. Tena niliijaza maji. Jirani yetu, Bi Esha, alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani, kwao Unguja mtu akiitwa huya na ndoo!" Huku "ndoo" ni njoo, mama, na "huya" ni huja. Tangu siku ile niliapa moyoni kwamba sitamwuliza mtu maana ya neno lolote.

Zuhura alipozaliwa alikuwa mtulivu mno. Hushika titi, akanyonya kidogo, akalala. Mimi niliona ni upole. Mama mkwe hakuwepo, alikuwa amevuka kwenda Pate kwenye msiba wa dada yake. Basi mkunga, Bi Shee, alipokuja kumkanda mtoto alimgeuza, akamvuta ngozi ya paja, akaniambia, "Mwana huyu ana ndaa. Usilale, mwanangu."

Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu ajuaye.

Alipotoka nikabaki na neno lake. Ndaa. Nililitafuta katika Kiarabu changu, nikalitafuta katika vitabu vya baba nilivyovikumbuka. Nikakata shauri kuwa ni maradhi ya watoto wachanga wa visiwa hivi, na kwa jinsi Bi Shee alivyokunja uso, ni maradhi mabaya.

Mume wangu nilimwambia, "Mkunga amesema mtoto ana maradhi." Neno lenyewe sikulitamka, niliogopa nisije nikalikosea. Akasema tumwite mwalimu aandike kombe, aya za Kurani kwa zafarani, mtoto arambishwe. Nikasema kombe ni baraka, lakini maradhi mazito yanataka daktari. Akasema, basi yuko yule Mhindi wa serikali. Nikasema huyo ni tabibu wa askari na vidonda, ya watoto atayajua wapi? Labda tumpeleke Mombasa. Tukabishana hivyo, leo kombe, kesho daktari, nami nikiona raha kwa kuwa hoja zangu zilikuwa nzuri. Mtoto alizidi kuwa mwepesi mikononi. Hakulia sana, mama. Laiti angelia.

Mwishowe akaja yule Mhindi. Alikaa na mume wangu, mimi nikawa nyuma ya pazia. Akamtazama mtoto, akauliza, "Mkunga aliyaita maradhi gani?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema, "Ana ndaa."

Kisha mume wangu akasema polepole, "Ndaa? Alisema ndaa?" Na daktari, mtu aliyetoka ng'ambo ya bahari, akanijibu kupitia pazia, "Bibi, ndaa si ugonjwa. Ndaa ni njaa."

Nilikuwa najua kuwa ndia ni njia, na nti ni nchi. Mtoto wa chuo cha Kurani angeunganisha. Nilikuwa nikimchagulia tabibu mtoto aliyetaka maziwa, naye yuko kifuani pangu.

Mume wangu alitoka mbio, akarudi na Bi Esha, ambaye ana mwana wake anayenyonya. Yule yule wa kushika ukuta. Nilitaka anicheke, ingekuwa nafuu. Hakucheka. Alimtwaa Zuhura, akamnyonyesha upande huu, akamhamishia wa pili, nikamsikia mwanangu akimeza. Sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia.

Sasa Bi Shee ananinywesha uji wa pilipili manga, na maziwa yangu yameanza kushuka. Mwambie baba kuwa Zuhura amepata ndugu wa kunyonya, mwana wa Bi Esha, asije mtu akasahau akawaozesha. Akiuliza sababu, sema maziwa yangu yalichelewa. Ni kweli, ila si kweli yote, na iliyobaki sijapata uso wa kumwambia.

Nisalimie bibi, na shangazi aliyenishonea nguo za harusi, na kaka na mkewe.

Jana Bi Esha alikuwa amempakata Zuhura, akaninyooshea mkono. "Ndoo, ndugu yangu." Nikaenda mikono mitupu, nikakaa karibu naye, nikamwuliza watu wa Lamu husemaje "kumeza".

Mwanao akuoneaye haya,
Maryamu