Nauli ya Watu Watatu

Alhamisi, Mfungo Tano

Sijui akili yangu ilikuwa wapi leo.

Kila nikipata ujira wa kubeba pembe za ndovu forodhani, humsomea mke wangu hesabu ya safari ya kwetu Ngazija, maana yeye hajui kusoma. Leo nikaanza kama kawaida. "Nauli ya watu watatu. Mchele wa njiani. Nguo ya kumpa mama..."

Akaacha kupepeta. "Watatu nani, Baba Saidi?"

Saidi wetu tulimzika mwezi uliopita. Kila nikishika kalamu niikate nauli yake, mkono hukataa.

Nikasema, "Nisamehe. Ni wawili."

"Andika mmoja," akasema. "Mimi simwachi mwanangu peke yake katika mchanga wa Bagamoyo. Wewe nenda. Mama yako naye anamngoja mwanawe."

Hakulia. Afadhali angelia.

Sijui kama nitakwenda. Amelala amenipa mgongo, nami nimepiga hesabu ya mtu mmoja, nione tu.

Fedha imetosha, na nyingine imebaki. Miaka minne nimemwomba Mungu itoshe.