Paa Wamekuja Mikunazini

Jumanne, Xiaobei, huku Uchina

Wamekuja kweli. Paa wawili, mama na mtoto, wanaokota kunazi chini ya mikunazi niliyoipanda iwaite, kule Handeni. Nimewaona kwenye simu. Mimi, niliyebishana bei na nusu ya dunia, nimelia dukani kwa watu.

Laoban, yule Mchina mwenye duka la mabegi, akachungulia akauliza wanapikwaje. Nikamwambia mei yo, hakuna, hawauzwi, hawa wageni wangu.

Dada Zuhura, anayenitunzia shamba, alishachoka. Alisema mvua hizi zikiisha bila paa, anang'oa mikunazi anapanda mihogo. Na mimi kila siku namhimiza afyeke, shamba ling'ae tusichekwe. Kumbe paa haji pasipo pa kujificha. Mwezi huu mguu ulimuuma Zuhura, hakufyeka, bondeni kukaota kichaka. Humo ndimo walimotokea.

"Kaka, nisamehe hilo pori."

"Usiguse hata jani. Mguu je?"

"Unapoa. Ila mihogo yangu nipande wapi sasa?"

Nimempa kiwanja nilichotenga nijenge ghorofa langu, lile ninalowatambia watu hapa kila siku. Alhamdulillahi. Ghorofa...

Apande tu.