Nyuzi Zangu Ndani ya Mashine ya Afande

Jumapili, 4 Mei

Safu ya tisa ya tabaga ninayosuka imekwisha. Nyekundu, nyeusi, kijani, nyekundu tena. Vidole vinauma. Mvua tangu asubuhi, rafia ya kusukia haikauki.

Nimevunja mashine ya Afande.

Niandike upesi kabla sijaanza kujitetea. Tabaga ilikuwa imejikunja pembeni, na kifuniko cha chakula kilichopinda hakuna atakayekinunua. Nikaiweka juu ya mkeka, nikapandisha jiwe ili inyooke, kama mama alivyonifundisha. Chini ya mkeka sikutazama. Nikasikia kacha. Nikadhani ni njiti. Kumbe ni ile mashine yake ya mchezo, ya kushika mkononi, aliyoiunda mwenyewe ndani ya kisanduku cha plastiki cha sabuni. Kioo kimepasuka kona hadi kona. Nimeiwasha, inalia, lakini uso wake ni mweusi tii.

Miaka mitatu naiita kidude. Naona aibu kuandika hivyo leo.

Mtaa mzima wa Kisugu unamwita mume wangu Afande, hata mimi, ingawa aliacha kutengeneza redio za polisi siku aliyostaafu. Sasa ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaona mwanga na kivuli, basi. Jumatatu ya tarehe 12 anapasuliwa jicho la kulia pale hospitali ya Mulago. Jumanne bandeji inatoka. Amemwambia kila mtu, hadi muuza chapati: kitu cha kwanza anachotaka kukiona ni mchezo wake. Alimaliza kuutia rangi wakati macho yameshafungwa. Hajawahi kuuona.

Na mimi nimeuwekea jiwe.

Jumatatu, 5 Mei

Sikumwambia. Nilifungua kinywa mara mbili, nikakifunga. Mwoga mimi.

Baada ya chai akaiomba mashine yake. Nikampa. Nikangoja anishushie matusi ya kambi ya polisi. Akaiwasha akaanza kucheza! Akacheza saa nzima na skrini iliyokufa, kichwa ameinua dirishani, vidole gumba vinakwenda.

Nikakaa nikasikiliza, kwa mara ya kwanza. Mchezo wenyewe ni mweso, bao la Waganda, mashimo thelathini na mawili. Kila shimo lina mlio wake. Kete ikianguka kwenye shimo, shimo linajibu. Anahesabu kwa masikio. Mashine ikicheza zamu yake anasikiliza, anatabasamu, anasema, "Mjinga wewe, umeniachia mlango." Akashinda.

Kwa hiyo alijua. Wakati anaanza kuiunda alijua macho yanaondoka, akaijengea masikio kabla hayajaondoka. Hakulalamika hata siku moja. Mimi jino likiuma nyumba nzima hailali.

Lakini Jumanne ijayo atakuwa na jicho. Jicho halidanganyiki.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda mjini. Nimemwambia nafuata rangi za rafia. Uongo wa kwanza.

Kwenye jengo la mafundi wa simu nimempata binti mmoja, Nakato, duka lake halizidi kabati. Nikampa mashine. Akaifungua, akawaita wenzake wawili waje watazame. Nikajua imeharibika kabisa. Kumbe wanaishangaa. Nakato akauliza, "Mama, nani ametengeneza hii? Huyu muzee ako wapi?" Nikasema yuko nyumbani, ni mume wangu. Nikajisikia mrefu ghafla.

Nikachungulia na mimi. Waya nyembamba kama nywele, kila moja imevingirishwa uzi wa rafia wa rangi yake. Nyekundu, nyeusi, kijani, zambarau, manjano. Zimelala sambamba, hakuna inayomkanyaga mwenzake. Mafundo madogo, safi. Mimi nasuka tangu nina miaka minane, sijapata kufunga fundo dogo namna ile.

Halafu nikazitambua. Ni nyuzi zangu! Zile nilizodai Mama Akello, jirani yangu, ameniibia mwaka juzi. Nilimwita mwizi pale bombani mbele ya wanawake wote. Tangu siku hiyo hanisalimu, na ana haki.

Nakato anazo skrini mbili tu za ukubwa ule, za kiwanda kingine. Angenifungia mwenyewe, ila ana foleni ya simu hadi wiki ijayo. Akanionyesha kulehemu: pasha moto mguu wa skrini kwanza, kisha gusisha waya wa risasi, itiririke yenyewe, ondoa mkono. Nikajaribu kwenye kipande chakavu. Akasema mkono wangu hautetemeki. Mkono wa kusuka utetemekeje? Nimechukua skrini moja.

Jumatano, 7 Mei

Nimefungua sanduku la vifaa la Afande. Mimi ambaye sijaligusa tangu tuhame kambini.

Kila kifaa kina nafasi yake. Kwenye mipini amechonga alama kwa kisu. Bisibisi ndogo mkato mmoja, kubwa miwili, koleo mitatu. Chuma cha kulehemu kina mikato minne na msalaba, ili asikishike upande wa moto. Alikuwa anajiandalia giza polepole, jioni baada ya jioni, mimi nikiwa chumba cha pili namwambia apunguze kelele.

Nimefuta vumbi nikarudisha kila kitu palepale.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeiunguza.

Afande hushikwa mkono na jirani kwenda msikitini adhuhuri, akirudi analala hadi alasiri. Nikapanga kazi iishe kabla hajarudi. Nikaitoa skrini iliyopasuka. Miguu minane, waya nane. Nikafanya nijuavyo. Kwenye kusuka hufuati uzi, unafuata mpangilio: ukikosea hesabu ya rangi, ua linapinda. Basi nikakariri. Nyekundu, nyeusi, kijani, zambarau, hadi mwisho. Nikazifunga kwenye skrini mpya kwa mpangilio uleule, kuanzia kushoto. Viungo vikang'aa. Nilijisifu, nisiseme uongo. Nilijisifu kwa sauti.

Nikawasha. Moshi. Kauzi kadogo ka moshi, basi, na harufu ya kuudhi.

Nikakaa sakafuni nikalia kama mtoto. Afande akaingia, akasimama mlangoni, akanusa. Akauliza nimeunguza nini. Nikasema vitunguu. Akasema vitunguu vya siku hizi vina harufu ya ajabu, akaenda kulala.

Ijumaa, 9 Mei

Nimerudi mjini, macho yamevimba. Nakato akaitazama skrini iliyoungua akapiga ulimi. Akasema bambi, pole mama, hukusoma? Kando ya kila mguu kuna herufi ndogo kama mayai ya chawa. Kwenye skrini ya zamani mguu wa kwanza ni wa umeme, wa pili ni wa ardhi. Kwenye hii imebadilishana. Kila kiwanda na tabia zake. "Usifuate raini, mama, ule mstari. Soma jina."

Skrini ya mwisho ninayo. Na mashine bado inalia. Nakato amepima, moyo wake mzima, Alhamdulillahi.

Tatizo: jina la mguu nalisoma kwa miwani. Jina la uzi silijui. Miguu miwili ya kwanza Nakato amenieleza, je hiyo sita, ambayo herufi zake zimefutika kwenye skrini ya zamani? Nayo imechanganyika kwenye hii mpya. Anayejua kila uzi una kazi gani ni mtu mmoja tu, na ndiye ninayemficha.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwendea kwa mlango wa nyuma. Wakati anakunywa uji nikamwambia nimegundua nani aliiba nyuzi zangu. Akacheka hadi uji ukamwagika kifuani. Hana haya. Nikamuuliza alizifanyia nini.

Akaniambia yote. Sijawahi kumuuliza, basi yalikuwa yamemjaa. Nyekundu ni umeme, nyeusi ni ardhi. Kijani inabeba mapigo, zambarau inabeba picha yenyewe, manjano inachagua, na nyingine, na nyingine. Nikawa nasuka huku narudia rangi moja moja kimoyomoyo, kisha nikaingia jikoni nikaandika nyuma ya kalenda.

Nikasema, kama mtu asiyejali: kwa hiyo nyekundu hukaa wa kwanza siku zote? Akatikisa kichwa. Akasema hapana, Mama Sauda (ndivyo anavyoniita), rangi ni kazi, si kiti. Inspekta akihamishwa kutoka Kisugu kwenda Ggaba, ni inspekta vilevile, na asiyemjua asimpigie saluti mtu aliyekalia kiti chake cha zamani.

Miaka thelathini na moja nimelala kitanda kimoja na mtu huyu. Sikujua kuwa ni mwalimu.

Kisha akaiomba mashine. Nikasema nimeifungia kabatini isije ikaanguka kabla ya hospitali. Akasema nimefanya vyema. Uongo wa ngapi huu, nimeacha kuhesabu.

Jumapili, 11 Mei

Amekwenda msikitini. Bismillahi.

Nimesoma jina la kila mguu mara tatu. Nimeifuata kazi, nimeacha kiti. Nyeusi kwanza, nyekundu ya pili. Manjano nimeivusha hadi mwisho, ikawa fupi, nikaiunganisha kipande na kukivingirisha rafia yangu. Kidole gumba kimeungua, lengelenge kama punje ya mahindi. Sikupiga kelele. Kabla ya kuwasha nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi.

Imewaka.

Imewaka! Nikafunika mdomo kwa kanga.

Na nikaona. Ubao wa mweso, mashimo safu nne, na kuzunguka ubao kuna ua. Ua langu. Ni lile la tabaga niliyokuja nayo kwenye harusi, ile iliyoliwa na mchwa tukiwa kambini. Pembe tatu ndogo, mstari, macho ya ndege, mstari. Hata lile kosa la kona ya chini, ambapo niliruka safu kwa haraka, amelichora. Amelichora kutoka kichwani, tabaga yenyewe haipo, macho yake hayapo. Na mimi ningeweza kulitazama siku yoyote katika miaka mitatu. Aliniita mara ngapi, njoo utazame. Nikamwambia nina kazi.

Kasoro moja. Palipopaswa kuwa nyekundu pana buluu. Nimempigia Nakato. Anasema skrini za kiwanda hiki husoma rangi hizo mbili kinyume, dawa yake iko kwenye maandishi ya programu, si kwenye waya. Programu siiwezi. Atajua mara moja kwamba skrini si yake.

Basi ajue. Nimechoka kuogopa.

Jumatatu, 12 Mei

Mulago tangu saa moja asubuhi. Ameingia akitania manesi, ametoka jicho limefungwa. Daktari anasema imekwenda vizuri, tulale kwa imani. Mashine iko kwenye mkoba wangu, ndani ya kitambaa. Sijala.

Jumanne, 13 Mei

Bandeji imetoka saa nne asubuhi.

Akapepesa. Machozi. Akanyoosha mkono kabla hajasema neno, nami nikamwekea mashine kiganjani. Akaiwasha. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Daktari anangoja. Akapitisha kidole kwenye ua, pembe tatu, mstari, macho ya ndege, hadi kona yenye kosa, akasimama hapo.

Akasema, "Buluu."

Nikamwaga kila kitu. Jiwe, mkeka, vitunguu, skrini iliyoungua, kabati. Mbele ya daktari. Nikasema nisamehe.

Akanitazama usoni. Mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Akasema nimenenepa. Mshenzi! Nikacheka na kulia pamoja.

Halafu akashika mkono wangu, akakiona kidole kilichoungua. Akasema alijua tangu Jumatatu ile, dakika aliyoishika. Kidole chake kiliusikia ufa. Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha niteseke wiki nzima.

"Miaka mitatu nakuita uje utazame," akasema. "Nikasema acha, sasa atatazama."

Alhamisi, 15 Mei

Jua. Rafia imekauka vizuri.

Asubuhi nimempelekea Mama Akello tabaga kubwa, nikamwomba radhi palepale bombani, wanawake wale wale wakisikia. Akaipindua, akaangalia mafundo, akasema ni nzuri. Akanipa maji kabla ya zamu yangu.

Afande amefungua mashine mezani, miwani nyeusi ya hospitali puani, ameshakatazwa kuinama na anainama. Amekagua viungo vyangu kimoja kimoja. Amesema cha sita kina risasi nyingi mno. Vingine hakusema kitu. Kwa Afande hiyo ni medali.

Akauliza aandike upya ule mstari wa programu, nyekundu irudi? Ni kazi ya dakika mbili. Nikasema aiache buluu.

Nimeanza tabaga mpya. Pembe tatu, mstari, macho ya ndege. Pa nyekundu nimeweka buluu. Kwenye kona ya chini nimeruka safu, makusudi.