Gauni Jeusi Linawasha

Jumatatu, 3 Machi

Nimefua gauni la msiba tena. Maji bado meusi kama lami. Nimelianua bichi nikalivaa hivyo hivyo, maana ninalo hilo hilo moja. Kwapani panawaka moto. Shingoni vipele vinatoa maji. Mume wangu Mabula yuko kaburini hapa Buswelu, mimi najikuna kama mbwa. Mama mkwe ananitazama tu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo mama mkwe kasema. Eti marehemu ana neno na mimi, mjane asiye na kosa hawashwi na nguo ya msiba. Wifi Leticia naye akauliza nani alimpikia Mabula chakula cha mwisho. Anajua ni mimi. Anajua pia ini la kaka yake lilikuwa limeshaisha. Nguo hii wananivua wao, siku wakipanga wao. Nikijivua mwenyewe nimekiri, na nyumba sina.

Jumapili, 9 Machi

Gauni limepauka. Kwa mama mkwe, kupauka ni kumsahau mume. Kanunua rangi nyeusi Mkuyuni, kalichovya mwenyewe kwenye sufuria, anakoroga kwa mwiko wa ugali. Rangi ikabaki. Akachovya na kigauni cha Kabula, mwanangu. Mtoto wa darasa la kwanza! Kilikuwa cha njano.

Jumanne, 11 Machi

Zahanati. Nesi alipofunua mgongo wangu alisema, "Yesu wangu!" Daktari kasema ni aleji ya rangi ya nguo. Dawa ya kupaka ipo, ila nikiendelea kuvaa gauni ni kazi bure. Nimemweleza mama mkwe. Kanijibu daktari hakumzaa Mabula.

Basi. Nitavumilia.

Jumamosi, 15 Machi

Kabula kaamka anajikuna. Nimefunua kola. Vipele vile vile.

Kaniuliza, "Mama, na mimi baba ana neno na mimi?"

Nimemvua. Kisha nimejivua na mimi, pale pale uani, nikabaki na kanga, mama mkwe na Leticia wanatazama. Leticia kapiga yowe mpaka majirani wakatoka. Mama mkwe hakupiga kelele. Kasema, "Umejionyesha." Kaingia ndani, kaanza kutoa vyombo vyangu nje.

Nilimpenda yule mama. Nimemwogesha akiwa mgonjwa. Leo namchukia, na sioni aibu kuandika.

Jumatatu, 17 Machi

Kiseke, kwa dada yangu. Kabula niko naye. Nyumba imebaki kwao. Kaburi pia, wamesema nisikanyage.

Katika vyombo walivyonitupia kulikuwa na shati la Mabula la kazini, lile la bluu, limefuliwa miaka mpaka rangi imekwisha. Nimelivaa asubuhi kwa woga. Kabula kalala begani kwangu, kalinusa. Sasa ni jioni.

Haliniwashi.