Kunigunda na Buni Zisizomwagika

Recho, acha unachofanya usome. Kunigunda wetu kaniacha sina mbavu!

Leo Mzungu mnunuzi alikuja Mbuji kwenye kikundi chetu cha kahawa, na mkalimani si ndiye yeye? Mzungu akamvuta pembeni: kahawa ya Mama Ottilia imeshinda wilaya nzima, atatangaza mwenyewe mchana. Kisha akamwambia, "Don't spill the beans!"

Spill ni kumwaga. Beans, si ndizo buni? Basi Kunigunda akakaza kamba za magunia yote, akafukuza kuku. Kuku, Recho! Hata Mzee Xaveri alizuiwa kupita. "Shikamoo baba, zungukia kule. Mgeni kasema isimwagike hata punje!"

Na habari ya ushindi? Hiyo aliona hakukatazwa. Akamnong'oneza Aurelia. Aurelia unamjua.

Mzungu anasimama kutangaza, Mama Ottilia kashabebwa juujuu, vigelegele mpaka barabarani! Mzungu kaduwaa: "Kunigunda, umemwaga!" Naye, kifua mbele: "Hata moja, bwana! Njoo uone!" Akamkokota hadi kwenye magunia!

Mwalimu Vitalis ndiye aliyemfungua macho: "Binti, alimaanisha usimwage mtama. Usitoe siri!"

Kunigunda chini puu, khanga usoni. "Yesu na Maria!" Mzungu alicheka mpaka machozi.

Mama Ottilia akamwinua. "Nyanyuka mwanangu, tucheze. Ungenyamaza, mgeni angenikuta na gauni la shamba. Sasa tazama kitenge hiki!"