Mfuniko wa Ndoo ya Chai

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake; kazini huitwa Mama Chai
Umri: miaka 52
Kazi: mpika chai na mfagiaji, kiwanda cha kusindika nyama
Makazi: nyumba za kupanga nyuma ya kiwanda

Afande, nitasema taratibu, uandike yote.

Miezi minne iliyopita msimamizi wetu alitoa kikinga kwenye mashine ya kusaga nyama. Tunamwita Chapchap, hata salamu huikata nusu. Kikinga ni sahani ya chuma inayofunika mdomo wa mashine. Ina tundu katikati: nyama inapita, mkono haupiti. Alisema kinatuchelewesha, vipande vikubwa vinakwama. Akanipa mimi. "Mama Chai, funikia ndoo yako." Kikaenea kabisa, na mpini wa upawa ukatokezea pale tunduni. Fundi akanitobolea matundu mawili ya kutia mshikio wa waya. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikashukuru.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa 3:20 asubuhi, nilikuwa naosha vikombe nikasikia ukelele. Alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu. Kazi ile ya kusaga nyama nilimtafutia mimi. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mashine. Swichi iko ukuta wa pili, nilikimbia nikaizima. Vidole vitatu havipo tena.

Tulimpakia kwenye gari. Saa 5:00 niliporudi jikoni, ndoo ilikuwa wazi, nzi wanaelea kwenye chai. Upawa uko sakafuni, na kando yake waya wangu, umekatwa; nikauokota.

Saa 7:00 walikuja wakaguzi wa usalama kazini. Kikinga kilikuwa kwenye mashine, kimesuguliwa kinang'aa. Meneja akawaambia, "Aliyeumia alikitoa mwenyewe asubuhi ili amalize upesi. Sisi tumekirudisha." Nilisogea na ufagio wangu. Matundu yangu mawili ya waya nikayaona.

Jioni meneja aliniita ofisini. "Mama, wewe si ndiye uliyekaa nacho? Basi nyamaza, yatakurudia." Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Wifi akiandikwa mzembe, kiwanda kinajitoa kwenye matibabu yake. Jana aliniuliza, "Wifi, hivi nilikitoa mimi? Mbona sikumbuki?" Jibu lake nimelileta hapa.

Hukukitoa, wifi yangu. Nilikuwa nacho mimi, na aliyenipa ni Chapchap. Kama nami nina kosa, liandikwe.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mwenyewe, saa 2:40 asubuhi. Nimepokea kipande cha waya kama kielelezo. Shahidi hakutaka maji wala kiti. Anauliza tu kama tutafika kiwandani kabla matundu hayajazibwa. Tunaondoka naye sasa hivi.

Sajenti wa zamu